Nakala Ndani ya Nakala

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wenzake walipokimbilia uwanjani, Nakhumicha alielekea stoo. Wanafunzi wengine waliiita stoo kwa sababu zamani majembe na fagio za shule yao ya Kanduyi zilikuwa zikiwekwa humo. Yeye aliiita chumba cha kompyuta, na ole wako useme vingine mbele yake. Alivua viatu mlangoni, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine, akapangusa vumbi, akaiwasha. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, kuukuu, yenye kisogo kikubwa na mngurumo uliosikika hadi darasa la tatu.

Nakhumicha ndiye aliyekuwa daktari wake. Kompyuta ilipozorota, Mwalimu Wakhungu, mwalimu wa kwaya ambaye pia alitunza chumba hicho, alituma mtu mbio: "Niitieni Nakhumicha!" Naye alikuja kwa madaha, akaketi, akafanya mambo mawili aliyofundishwa na mwalimu huyohuyo. Kwanza aliweka nakala ya kazi yote ili kisipotee kitu. Pili aliiamuru mashine ipange diski yake upya. Vijisanduku vya rangi vilihamahama kwenye kioo, huku na kule, na baada ya muda kompyuta ikawa nyepesi. Watoto walipiga makofi, naye kichwa kikamvimba.

Na nani angemlaumu? Koo lake halikujaliwa. Siku alipojaribiwa kuingia kwaya, Bramwel wa darasa la saba, mtundu asiyeweza kufunga mdomo, aliuliza kwa sauti ni nani aliyemkanyaga paka. Kwa hivyo Nakhumicha hakuimba, bali alirekodi. Bila kompyuta ile, kwaya haikuwa na haja naye hata kidogo, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa basi, mwaka huo wa 2009, likizo ya Aprili, mvua kubwa ilinyesha Bungoma nzima na radi ikapiga nyaya za stima karibu na shule. Kompyuta iliungua. Shule zilipofunguliwa, Nakhumicha aliibonyeza, akaibonyeza tena, na harufu ya mpira ulioungua ndiyo iliyomjibu.

Wiki hiyohiyo alikuja Jerop.

Jerop alikuwa msichana mwembamba, mpole, aliyehama kutoka Kitale kwa sababu babake, Bwana Kipkosgei, afisa wa kilimo, alihamishiwa Bungoma. Alipewa dawati karibu na la Nakhumicha. Wangeweza kuwa marafiki. Lakini siku ya tatu Jerop alifungua mkoba wake mbele ya Mwalimu Wakhungu akatoa kompyuta ndogo ya kupakata, si kubwa kuliko Biblia ya mchungaji.

"Shangazi Jelimo alinipa," alisema kwa haya. "Babangu amekubali kwaya iitumie, mwalimu, mpaka ile ya shule itengenezwe."

Watoto walimzingira kama kuku walioona mtama.

"Bana, oneni! Hata hailii!" Bramwel alisema, sikio lake karibu liguse vibonyezo.

"Hakuna kitu kinachozunguka ndani," Jerop alieleza. "Diski yake ni ya aina nyingine."

"Kitu kisicholia utajuaje kama kinafanya kazi?" Nakhumicha aliuliza kutoka nyuma. Hakuna hata aliyegeuka. Wivu ulimpanda hapo hapo, na tangu siku hiyo ulikuwa ukiamka naye na kulala naye. Aliona wivu kwa ile kompyuta. Aliona wivu kwa vile Mwalimu Wakhungu alivyosema "asante, mwanangu" kwa Jerop. Jamani, hata jinsi Jerop alivyofunga kamba za viatu ilimkera.

Mambo yalizidi kuwa mabaya Mwalimu Wakhungu alipotangaza habari za mashindano. Kwaya za shule zingekutana Kitale mwezi wa Julai. Kila shule ilitakiwa kutuma wimbo mmoja uliorekodiwa, na zitakazoteuliwa ndizo zingealikwa kwenda kuimba.

"Tukiteuliwa, tutakwenda na waimbaji wote," alisema, "na mtoto mmoja wa mitambo, atakayerekodi. Mmoja tu, maana gari halina nafasi zaidi."

Bila kufikiri, Bramwel alimtazama Jerop. Waimbaji wengine nao walimtazama Jerop. Nakhumicha aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kalamu iliyoanguka, ilhali kalamu alikuwa nayo mkononi. Hakuwa amewahi kufika Kitale maishani mwake, na sasa mgeni aliyetoka hukohuko ndiye angechukua nafasi yake.

Hapo ndipo ile kompyuta ndogo ilipomfanyia hisani, au hivyo ndivyo alivyodhani. Alasiri moja, baada ya waimbaji kumaliza wimbo, Jerop alibonyeza ili uhifadhiwe, mashine ikasita kidogo. Si sana. Mtu angeweza kukohoa mara mbili, na kazi ingekuwa imekwisha.

"Hiyo inataka kupangwa!" Nakhumicha alidakia.

"Shangazi alisema hii haipangwi," Jerop alisema taratibu. "Ati ukiipanga unaichosha bure."

"Kwani shangazi yako ndiye daktari wa kompyuta hapa?"

Watoto walicheka. Mwalimu Wakhungu alikuna kidevu. "Mwache Nakhumicha ajaribu, Jerop. Ana uzoefu."

Uzoefu! Neno hilo lilimshukia Nakhumicha tamu kuliko asali. Aliketi mbele ya kompyuta ya mpinzani wake, akanyoosha mgongo, akafanya mambo yake mawili. Alichukua folda nzima ya Kwaya, akaiweka nakala ndani ya folda hiyohiyo, mahali ambapo mwalimu alikataza mtu yeyote kufuta kitu. Kisha akaiamuru diski ijipange. Ilipomaliza aliizima, akaiwasha tena, akasema kama muuguzi anayetoka wodini, "Imepona."

Haikuwa imepona. Kesho yake ilisita zaidi. Nakhumicha akaweka nakala ya folda nzima tena, pamoja na ile nakala ya jana iliyokuwa ndani yake, akapanga tena. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Kila alipoitibu ndivyo ilivyozidi kuugua. Mwishowe, waimbaji walipoimba, wimbo uliosikika baadaye ulikuwa umekatikakatika, hapa neno lipo, pale halipo, maana mashine haikuweza kuiandika sauti kwa kasi iliyokuwa ikiingia.

"Haleluya imekuwa 'ha-ya'," Bramwel alilalamika. "Si tutachekwa Kitale yote?"

Siku ya kutuma wimbo ilikuwa kesho. Nakhumicha, alipoona macho ya watu yameanza kumgeukia yeye daktari, alisogea karibu na Bramwel akamnong'oneza, "Ni mapicha yake. Amejaza mapicha na mambo yake humo. Mimi nitafanya nini?" Hakuwa na hakika. Ukweli ni kwamba hakuwa ameangalia. Lakini alijua kwamba ukimwambia Bramwel kitu, umeiambia kwaya nzima, na kweli kabla ya kipindi kuisha waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wakimtupia Jerop macho makali.

Mwalimu Wakhungu aliomba namba ya shangazi Jelimo, akampigia simu papo hapo, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Mwalimu, hebu angalieni kama diski imejaa," shangazi alisema kutoka Kitale. "Hiyo ni ndogo sana. Ni kama stoo ya mahindi. Ikijaa hadi mlangoni, huwezi kuingiza hata gunia moja kabla ya kutoa mengine na kupanga nafasi. Ndiyo maana inachelewa kuandika. Ondoeni msivyohitaji, muiache ipumue kidogo, kisha muizime na kuiwasha."

Mwalimu aliangalia. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Na folda ya kwanza aliyoiona, mbele kabisa, iliandikwa "Picha Zangu".

"Si nilisema!" Bramwel alipaza sauti. "Ni mapicha yake!"

Mwalimu Wakhungu hakufurahi. Alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Jerop mwanangu, pole. Kompyuta ni yako na sina haki ya kukulazimisha. Lakini flashi ya shule ni moja na haitoshi kubeba picha nyingi hivyo pamoja na wimbo, na wimbo ni lazima utumwe kesho asubuhi. Watoto wote hawa wamefanya mazoezi tangu Mei. Ungeweza kuziondoa?"

Jerop alitazama waimbaji mmoja mmoja, nao hawakumrudishia uso wa huruma. "Nitaziondoa, mwalimu."

"Nakhumicha, kaa naye umsaidie. Naenda ofisini, nitarudi."

Waimbaji walitoka nje kungoja. Nakhumicha alivuta kiti. Moyoni alikuwa akicheza ngoma, wacha tuseme kweli. Jerop ameaibika mbele ya kila mtu, na kesho nani atamtaja kuwa mtoto wa mitambo? Aliketi karibu naye, akavaa uso wa huzuni ambao haukuwa wake.

Jerop alifungua picha ya kwanza. Ilikuwa ya mwanamke mzee aliyesimama kando ya lango la mbao, mkono mmoja juu ya pembe ya ng'ombe.

"Huyo ni nani?" Nakhumicha aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Kogo wangu. Nyanya yangu. Alitulea pale Kitale." Jerop hakugeuka. "Alifariki Aprili, kabla hatujahama. Hakuwa anapenda picha. Hizi shangazi alimpiga akiwa hajui."

Kisha akaifuta moja kwa moja, isibaki hata kwenye pipa la takataka la kompyuta.

Nakhumicha alijikaza. Ili asiitazame picha ya pili, alisogeza kishale pembeni akasema, "Ngoja nione utapata nafasi kiasi gani." Alijua namna ya kuuliza folda ina uzito gani. Akaiuliza folda ya picha. Jibu lilikuja upesi: ilikuwa nyepesi mno. Hata zote zikiondolewa, nafasi ingeongezeka kama tone la maji kwenye pipa.

Akaiuliza folda ya Kwaya, na hii ilichukua muda mrefu kuhesabu. Namba zilipanda, zikapanda, hadi zikakaribia diski nzima.

Aliifungua. Ndani kulikuwa na nyimbo, na folda iitwayo Nakala. Ndani ya Nakala kulikuwa na nyimbo zilezile, na Nakala nyingine. Na ndani ya hiyo, nyingine tena. Kila siku alikuwa amezinakili nyimbo zote pamoja na nakala zote za siku zilizotangulia, zikawa zinajizidisha maradufu. Si Jerop aliyeijaza stoo. Ni yeye daktari, kwa mikono yake mwenyewe.

Alifunga folda upesi. Jerop hakuona kitu, alikuwa amegeuzia uso mlangoni. Alipogeuka, alifungua picha ya pili. Nyanya alikuwa akicheka, mdomo wazi, meno machache. Jerop aliitazama kwa muda, akaifuta.

Sema, moyo ulimwambia Nakhumicha. Papo hapo moyo huohuo ukamwambia: ukisema, umekwisha. Hakuna atakayekuita daktari tena. Nafasi ya Kitale umempa Jerop kwenye sinia. Nyamaza tu. Picha zikiisha na mashine ikakataa bado, utasema imeharibika, na hakuna atakayejua. Folda ya Kwaya haiguswi na mtu.

Jerop alifuta ya tatu. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimdondokea tu, naye akayapangusa kwa mkono wa sweta ili yasilowanishe vibonyezo, akafungua ya nne.

"Acha!" Nakhumicha alimshika mkono. "Acha Jerop, usifute! Si picha zako. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeijaza. Tazama." Akaifungua folda, akamwonyesha Nakala ndani ya Nakala ndani ya Nakala. "Na ni mimi niliyemwambia Bramwel ni mapicha yako. Sikuwa nimeangalia hata. Nilikuwa... nilikuwa nakuonea wivu."

Jerop alitazama kioo, kisha akamtazama yeye, na uso wake mpole ukabadilika. "Ulijua tangu lini?"

"Sasa hivi. Ulipofuta ya kwanza."

"Nimefuta tatu, Nakhumicha."

Walijaribu kuzitafuta zile picha tatu wakashindwa. Walimpigia shangazi, naye akajaribu kuwaelekeza, lakini pale zilipokuwa palikuwa pameandikwa kitu kingine tayari. Nyanya aliyecheka mdomo wazi hakurudi.

Mwalimu Wakhungu aliporudi, Nakhumicha alisimama mbele ya kwaya nzima akasema yote, bila kupunguza. Bramwel alitazama vidole vya miguu yake.

Walifuta nakala zote wakabakiza moja. Wakaiacha mashine itulie, wakaizima, wakaiwasha. Kisha kwaya ikaimba, Jerop akabonyeza, na wimbo ukahifadhiwa kabla waimbaji hawajashusha pumzi. Waliusikiliza. Haleluya ilikuwa nzima, haikupungua hata herufi. Asubuhi yake flashi ilisafiri kwenda Kitale.

Majibu yalikuja mwishoni mwa Juni: wameteuliwa. Shule ililipuka kwa vigelegele. Mwalimu Wakhungu alisoma majina ya waimbaji, akafikia la mwisho. "Mitambo: Jerop."

Nakhumicha alilitarajia. Hata hivyo liliuma, tena liliuma vibaya. Alipiga makofi pamoja na wengine, kisha akatoka akaenda kusimama karibu na tangi la maji, mgongo kwa watu.

Mwalimu Wakhungu alimfuata. Hakumwambia anyamaze kulia.

"Bado namwonea wivu, mwalimu," Nakhumicha alisema kwa hasira. "Nilisema ukweli, nikaomba msamaha, na bado upo. Nilidhani utaisha."

"Nani alikuambia utaisha?" Mwalimu aliegemea tangi. "Sikiliza, binti yangu. Wivu unaingia kwa mtu bila kuomba ruhusa. Mimi nina miaka hamsini na bado unanitembelea. Kuuona moyoni si kosa. Kukosea kwenye mashine pia si kosa, na hilo nilichangia mwenyewe. Nilikufundisha kanuni za kompyuta moja nikadhani zinafaa zote, na Jerop aliposema ukweli sikumsikiliza. Pia nilimwambia afute picha kabla sijachunguza vizuri. Nimemwomba radhi, na babake pia."

Akamwinamia.

"Kosa lako kubwa lilikuwa mahali pamoja. Uliujua ukweli, mwenzako analipa badala yako, nawe ukahesabu kwanza utakachopoteza. Muda huo wa kuhesabu ndio uliochukua picha mbili. Ungenyamaza zaidi, ungechukua zote. Siku nyingine, ukweli ukiuona, useme kabla hujaanza kuhesabu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Na ujue kwamba ulipomshika mkono, ulijua nafasi ya Kitale inaondoka. Ulisema hata hivyo. Hilo nimeliona, na sitalisahau."

Hatua zilisikika nyuma yao. Alikuwa Jerop, kompyuta kifuani. Mwalimu aliwatazama wote wawili, akakohoa, akaenda zake.

"Sijakusamehe yote," Jerop alisema moja kwa moja. "Ile ya kucheka nilikuwa naitazama kila jioni."

"Najua."

"Lakini kule Kitale nitakuwa peke yangu mbele ya watu, na mimi najua kubonyeza tu. Ikikwama sitajua la kufanya. Wewe unajua." Akamnyooshea kompyuta. "Nifundishe."

Nakhumicha aliitazama. Wivu ulimchoma tena, kidogo, pale pale penye kidonda. Kumfundisha Jerop kila kitu alichokuwa nacho, ili aende nacho Kitale! Alivuta pumzi, akaketi kwenye nyasi, akampisha Jerop nafasi kando yake.

"Haya, ifungue," alisema. "Ikianza kuchelewa usipange kitu, na usinakili kitu. Kwanza kabisa angalia nafasi iliyobaki. Wewe mwenyewe iangalie, usimwulize mtu."

Jerop aliangalia, Nakhumicha akamwonyesha inayofuata, na walikuwa bado pale kengele ya kwenda nyumbani ilipolia.